Fedha za Lazima za Desemba

Midrand, 16 Februari 2025

Mpendwa mwanangu Jeremy,

Pokea salamu zangu, na za nyumba nzima. Huku tu wazima, kila mtu kwa kadiri ya umri wake. Arimi ameota meno mawili na sasa anamng'ata kila anayembeba. Baba yake, Pacifique, anaondoka alfajiri kwenda kufungua duka lake la ushonaji Hillbrow, na akirudi mtoto amekwisha kulala. Jennifer amepandishwa cheo. Anasimamia malori yanayokwenda hadi Lubumbashi, na anaongea na simu mbili kwa wakati mmoja, moja kwa upole na nyingine kwa ukali. Maji ya bomba yamekatika tena. Mimi miguu imejaa maji ambayo bomba halina. Daktari ameongeza vidonge, na moyo, anasema, umechoka. Nilimwambia si moyo peke yake.

Usinicheke kwa kukuandikia kwa kalamu. Simu siisikii tena, na barua pepe zangu anazifungua Jennifer kwa sababu herufi za kwenye kioo zinaniogelea. Mambo ya kodi sitaki kumchosha nayo binti yangu. Kwa hiyo nijibu kwa karatasi, kwa anwani ya Samira wa Mayfair. Ni mtu wa Isiolo, ana duka la vitambaa na kutuma vifurushi, na Jumapili hunipitia akija kumwona dada yake huku Midrand. Nilipompa bahasha hii aliitazama nyuma na mbele.

"Mama Kathambi, umri huu bado mnaandikiana mapenzi?"

"Ni mtoto wa kaka yangu."

"Wote husema hivyo."

Nimeambatanisha karatasi iliyotoka kwa kampuni inayotunza akiba ya uzeeni ya Mzee wangu, Festus. Ni zile fedha ambazo sheria ya Amerika inamlazimisha mstaafu azitoe kila mwaka akishafika umri fulani, atake asitake, kabla Desemba haijaisha. Wewe ndiye uliyetujazia fomu za kodi kwenye programu yako tangu tulipohama huko kuja Johannesburg, na sijawahi kukushukuru vya kutosha. Mwaka huu jaza kama ulivyojaza mwaka jana.

Wasalimie watoto. Waambie shangazi ya baba yao bado anaweza kuandika mstari ulionyooka.

Kathambi


Minneapolis, 23 Machi 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilichukua wiki tatu na ilifika ikinuka udi. Nadhani ni wa dukani kwa Samira. Huku theluji bado ipo, nyeusi kama makaa, imekataa kuondoka. Watoto wanakusalimu. Mkubwa ameomba nimfundishe Kiswahili ili asome barua yako mwenyewe, na baada ya aya moja akaniambia atasubiri filamu yake. Baba yangu huko Nkubu, Meru, amepona goti, anatembea hadi sokoni kugombana na watu.

Sasa ile kazi. Nimeshindwa kujaza kama mwaka jana, na nitakueleza sababu, uvumilie. Programu ya kodi ni kama wale makarani wa zamani wa bomani: haikasiriki, haichoki, na haisahau swali.

Karatasi uliyonitumia imeandikwa jina la Mzee na namba yake ya kodi. Inasema fedha zilitolewa tarehe 9 Desemba 2024. Kisanduku cha saba kina namba inayomaanisha kwamba mwenye akaunti yu hai na amezichukua mwenyewe kwa kawaida ya uzee wake. Shangazi, sisi sote tulisimama kaburini Januari ya mwaka huo huo. Programu inaniuliza nani alizipokea fedha hizi, na mimi sina cha kuandika.

Fedha zenyewe ni zako. Mzee alikuandika wewe kuwa mrithi wa akaunti, hakuna anayebisha. Lakini kampuni inapaswa kuambiwa kwamba amefariki, iihamishie akaunti kwako, na karatasi ije kwa jina lako. Halafu kuna swali la pili: mume alifariki tarehe gani? Tarehe hiyo ndiyo inayoamua kama mwaka 2024 unajaza kama mke na mume au unajaza peke yako.

Nahitaji nakala ya cheti cha kifo. Jennifer anaweza kukipiga picha kwa simu, ni kazi ya dakika moja. Mnaoishi nje ya Amerika mna muda hadi katikati ya Juni.

Kunywa dawa zako.

Mwanao, Jeremy


Midrand, 4 Mei 2025

Mwanangu Jeremy,

Nimefurahi kusikia habari za goti la baba yako, ingawa soko la Nkubu limepata hasara. Huku baridi imeanza kuingia kupitia madirisha haya yao ambayo hayajui kufungika. Tulikuwa na sikukuu ya Pasaka nzuri. Pacifique alileta watu wa kanisa lake kutoka Hillbrow, wakapika sombe, yale majani yao ya muhogo, na samaki, wakaimba mpaka majirani wa eneo hili la kistaarabu wakatuma mlinzi. Mlinzi alikuwa Mkongo. Akala, akaimba ubeti mmoja, akarudi getini.

Pacifique amenipunguzia gauni langu la bluu kwa mara ya tatu. Alinizunguka na futi yake, pini mdomoni, akisikitika: "Mama, unakonda tena! Hii robe nitaipunguza mpaka lini? Mwisho wake itamtosha Arimi." Nilimwambia ashone kwa pindo kubwa, huenda nikanenepa peponi. Hakucheka. Alisema kwao Bukavu mtu hafanyi mzaha kama huo mbele ya fundi, kwa sababu fundi ndiye anayeitwa kushona nguo ya mwisho.

Mtoto anasimama akishika kiti. Jennifer ananyonyesha na kupanga malori.

Kuhusu cheti, sikioni. Nimetafuta. Karatasi zetu zilihamishwa mara mbili, unajua mambo yalivyokuwa. Usimsumbue Jennifer kwa hili, nakuomba sana, hata kwa ujumbe wa simu. Wewe weka tarehe unayoijua. Kwenye msalaba kule nyumbani imeandikwa tarehe mbili Januari, nayo inatosha kwa watu wote.

Macho yameanza kuuma. Nisamehe kwa ufupi.

Kathambi


Minneapolis, 1 Juni 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Watoto wamefunga shule, nyumba haina utulivu. Nimeomba muda zaidi kwa niaba yako na nimepewa hadi tarehe 15 Oktoba. Kwa hiyo usiharakishe, lakini pia usinisahau.

Umeniambia niweke tarehe ninayoijua. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi.

Siwezi kuweka tarehe iliyo msalabani. Naomba iliyo kwenye cheti. Ukiniuliza kwa nini nazitenganisha, nitakuomba usiniulize bado.

Kama unaogopa kodi, usiogope. Nimepiga hesabu kwa njia zote mbili. Tofauti ipo, si kubwa, na akiba inaitosha mara nyingi. Kama unaogopa kwamba ulikosea kuingia kwenye akaunti kwa jina lake, nalo linarekebishika. Wajane wengi hufanya hivyo kwa mazoea, kampuni zimezoea kuona. Lakini mimi ndiye ninayeweka jina langu chini kama mtayarishaji, na ndiyo kazi inayonilishia watoto. Nilikwisha kuliweka mahali pamoja ambapo sikupaswa kuliweka. Sitaliweka tena.

Kitafute cheti, Shangazi. Au niambie unachokitafuta badala yake.

Mwanao, Jeremy


Midrand, 10 Agosti 2025

Mwanangu,

Salamu. Julai karibu yote nilikuwa hospitali, ile ile aliyolazwa Mzee. Wauguzi ni wapya, dari ni ile ile. Walitoa maji mengi miguuni na nimerudi mwepesi kama karatasi. Daktari ameacha kuzungumzia mwaka ujao. Jennifer amenisogezea kitanda karibu na dirisha. Arimi ametembea hatua zake za kwanza nikiwa sipo, na wanamfanyia mazoezi ya kuanguka mbele yangu ili nami nione.

Cheti hakikupotea. Kimo chini ya shuka nyeupe katika kabati langu, na nilikijua mahali pake nilipokuandikia kwamba sikioni.

Mzee hakufa tarehe mbili Januari. Alikufa Jumanne tarehe kumi na tisa Desemba 2023, asubuhi, muuguzi akiwa anatandika kitanda cha jirani. Harusi ya Jennifer Nkubu ilikuwa Jumamosi ile, tarehe ishirini na tatu.

Unakumbuka jinsi Mzee alivyomkataa Pacifique. Profesa wa udongo, aliyetoka kijijini bila viatu, akasema binti yake hawezi kuolewa na fundi cherehani aliyekimbia vita. Ndugu zake walikubali kuipokea mahari bila yeye, kwa sababu Jennifer alikuwa na miaka thelathini na sita na wao walikuwa wamechoka kungoja. Watu wa Pacifique walikwisha kusafiri kutoka Bukavu kwa barabara, kupitia Uganda, wazee kwa watoto. Mzee alipolazwa Jennifer alitaka kuahirisha. Daktari akasema atarudi nyumbani kabla ya Krismasi. Mimi ndiye niliyemwambia binti yangu, nenda, nitakaa naye.

Unajua kwetu, nyumba yenye maiti haipokei mahari. Kungoja mwaka mmoja kungevumilika. Lakini shemeji yangu mkubwa alikuwa amekwisha kusema, Mzee alipolazwa tu: "Mkwe hajaingia, na tayari nyumba inatikisika." Wangesema kijana amekuja na msiba mkononi. Wasingempokea mwaka ule wala mwingine wowote.

Adhuhuri ile Jennifer alipiga simu. Nilikusudia kumwambia, naapa. Akasema, "Mama, mahema yamefika! Baba zangu wadogo wanafundishwa kucheza na shangazi za Pacifique, huwezi kuamini, wanakatika viuno!" Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza, "Na Baba?" Nikasema amelala.

Kesho yake nilirudi nyumbani kutoka chumba cha maiti na sikujua nifanye nini na mikono yangu. Nilikumbuka fedha za lazima. Mwaka ulikuwa unakwisha na zisipotolewa kuna faini. Kila Desemba Mzee alikaa kwenye kiti chake akinisomea namba na mimi nikiandika kwenye kompyuta. Hakupenda kubonyeza mwenyewe. Niliingia. Mwishoni kikatokea kile kisanduku kinachouliza kama wewe ndiye mwenye akaunti. Miaka yote nilibonyeza ndiyo, naye amekaa nyuma yangu. Nikabonyeza ndiyo. Kompyuta ikanishukuru kwa jina lake.

Jeremy, hapo ndipo ilipoanzia. Nilipoona nimeweza kuwa yeye mahali pale, na hakuna kilichoanguka, mkono haukusimama. Niliwapigia shemeji zangu nikasema Mzee ametoa mchango wake wa harusi, unakuja. Ulifika baada ya harusi, lakini habari ilifika kabla. Kisha nikaandika ile baraka niliyokutumia wewe uisome. "Kijana huyu sikumtazama vizuri. Nimemtazama sasa. Ana mikono ya mtu anayemaliza kazi aliyoianza. Mpokeeni." Hakuna neno la Mzee hata moja mle. Tarehe kumi na saba nilimwomba kwa mara ya mwisho, akageuza uso ukutani. Kumi na nane hakuweza kusema tena.

Siku zote zile nilijibu simu. Nilisema amekunywa uji. Nilisema ameuliza kama mvua imenyesha Nkubu. Wageni walipokwisha kuondoka na mwaka mpya kupita, nikasema amefariki. Mimi ndiye niliyeshughulikia karatasi zote za kumsafirisha, na pale uwanja wa ndege kila mtu alilitazama jeneza, hakuna aliyesoma.

Jennifer anayategemea maneno yale. Huyasema akigombana na mumewe, huyasema akimwogesha mtoto. Mtoto wa kwanza wa kiume angepaswa kuchukua jina la upande wa Pacifique. Aliitwa Arimi, jina la ukoo la Mzee, kwa sababu babu aliwabariki.

Nisijifanye kwamba ilikuwa huruma tupu. Nilikuwa nimechoka na Mzee pia. Kwa miaka hamsini nilingoja akubali hili na lile, na safari hii sikungoja.

Baada ya hapo sikuweza kuiambia kampuni kwamba amefariki, kwa sababu wangetaka cheti, na cheti kina tarehe. Ndiyo maana Desemba iliyopita niliingia tena nikawa yeye tena. Siwezi kufanya hivyo mara ya tatu, na sidhani nitakuwepo.

Niambie: kuna njia ya kujaza fomu hizi sawasawa bila Jennifer kukiona cheti?

Kathambi


Minneapolis, 7 Septemba 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimesoma barua yako garini, nje ya ofisi, na sikuingia kazini siku hiyo.

Nilijua.

Tarehe ishirini Desemba nilitua Nairobi, na nikingoja gari la Meru niliipigia simu wodi kumjulia hali Mzee. Muuguzi akasema, "Pole kwa msiba, mama alikuwa naye." Nilikaa juu ya sanduku langu. Nilingoja ulitangaze wewe. Kesho yake ikaja baraka. Niliisoma mbele ya watu mia tatu chini ya hema, na nilipofika kwenye mikono ya mtu anayemaliza kazi nilisikia sauti yako. Mzee asingesema maneno mengi hivyo bila kutaja mbolea. Kisha nikacheza. Nimekuwa nikijiuliza tangu wakati ule mtu wa namna gani anacheza akijua. Sikukwambia kwa sababu nilidhani nakulinda, na pengine nilikuwa najilinda.

Machi mwaka jana nilijaza fomu za 2023. Nikawaweka nyote wawili hai, nikaidhinisha saini ya Mzee ingawa tulikwisha kumzika, ili programu isiniulize tarehe ya kifo, nikijua. Hapo ndipo jina langu lilipo mahali lisipopaswa.

Sasa kazi yenyewe, nayo ni rahisi kuliko tulivyoiogopa. Kampuni itapelekewa cheti, itaihamisha akaunti kwako, na kwa miaka yote miwili nitawaomba karatasi mpya zenye jina lako na namba ya kuonyesha kwamba fedha zimechukuliwa na mrithi. Mwaka 2023 mtabaki kama mke na mume, kwa sababu sheria inawaruhusu kujaza pamoja kwa mwaka ule mmoja wenu alipofariki. Ila tutarekebisha: Mzee alifariki tarehe kumi na tisa, na fedha za siku iliyofuata ulizichukua wewe, si yeye. Zilikuwa za lazima na zilitoka kabla mwaka haujaisha, kwa hiyo sitegemei faini. Mwaka 2024 unajaza peke yako. Kodi ya mwaka huo itapanda kidogo. Karatasi mpya zikichelewa, nitajaza ukweli na kuambatanisha maelezo.

Umeuliza kama kuna njia. Ipo. Samira ana mashine ya kunakili hapo dukani; mpe bahasha iliyofungwa, akinakili anitumie, na Jennifer hatajua kitu. Kwangu mimi fomu zitakuwa sahihi vilevile.

Lakini wosia wako umemtaja Jennifer kuwa msimamizi wa mirathi. Siku moja atalifungua kabati hilo bila wewe kuwepo wa kuulizwa. Sikuchagulii, Shangazi. Nilikuwa mwoga kwa karibu miaka miwili na sina haki ya kukuhimiza uwe jasiri kwa wiki nne. Nahitaji cheti kabla ya tarehe kumi Oktoba, kwa mkono wowote.

Jeremy


Midrand, 5 Oktoba 2025

Mwanangu Jeremy,

Salamu kutoka kwetu sote. Mvua ya kwanza imenyesha na mawe yake, magari ya jirani yamebonyea. Arimi anasema maneno mawili, moja la Kiingereza na moja ambalo Pacifique anadai ni Kishi, lugha ya kwao. Mimi silali chali tena, nalala nimekaa.

Barua yako ilinifikia Jumapili tarehe ishirini na moja. Nilifunga cheti ndani ya bahasha nikaandika jina la Samira. Aliipokea, akaipima mkononi.

"Hii nyepesi, Mama. Safari hii amekuacha?"

"Bado hajaniacha."

"Basi mbona umenuna hivyo?"

Nilimwambia anirudishie. Aliirudisha bila swali, na kwa Samira hilo ni jambo kubwa.

Jioni Jennifer alikuwa akinikanda miguu kwa mafuta, kama afanyavyo kila siku, simu zake zote mbili zimezimwa. Nilimpa bahasha. Alikisoma cheti kwa haraka kama anavyosoma hati za malori, akakiweka chini, akakichukua tena.

"Hapa wamekosea, Mama. Wameandika Desemba."

"Hawakukosea."

Aliendelea kukanda mguu. Nadhani mikono yake haikuwa imepata habari bado.

"Kumi na tisa."

"Ndiyo."

"Mimi nilipiga simu ile siku. Nilipiga kila siku."

"Ndiyo."

"Ukasema amekunywa uji. Ukasema ameuliza habari za mvua."

"Nilisema."

"Eish, Mama." Akaacha mguu. "Aliuliza habari za mvua?"

"Hapana."

Akasimama, akaenda hadi mlangoni, akarudi. Nilimwambia yote, shemeji zangu, mahari, watu wa Bukavu, kompyuta. Sikukutetea wala kukushitaki. Nilisema tu kwamba ulisoma nilichokutumia. Alinisikiliza akifuta mafuta vidoleni, kidole kimoja kimoja.

"Na yale ya mikono ya Pacifique?"

"Yangu."

"Yote?"

"Yote. Baba yako hakuwahi kuitazama mikono ya Pacifique."

"Kwa hiyo alikufa hataki."

Nilitaka sana kumpunguzia. Lakini nimekwisha kumpunguzia sana huyu mtoto. Nikasema, "Tarehe kumi na saba alikataa. Baada ya hapo hakuweza kusema. Zaidi ya hilo sijui, na sitakubunia."

"Basi muda huu wote nimemshukuru mtu asiyehusika," akasema, akatoka. Cheti alikiacha kitandani, karibu na miguu.

Tangu siku hiyo alinihudumia vizuri na hakunisemesha ila kuhusu vidonge. Kimeze hiki. Kimeze hiki na maji mengi. Nilimsikia akimwambia Pacifique jikoni, na nikasikia cherehani yake ndogo ya nyumbani ikisimama katikati ya mshono. Baadaye Pacifique alikuja akaketi kwenye kiti cha Mzee. Hakuwahi kukikalia. Akasema, "Mama, mimi watu walinikataa sana katika hii maisha. Hakuna hata mmoja alinidanganya ili nipokelewe. Ni wewe tu." Kisha akaniuliza kama gauni la bluu linanibana popote, nami nikasema halinibani.

Jennifer hakunisamehe kwa urahisi huo, na sikutegemea. Siku moja nilimsikia akilia bafuni, bomba likiwa wazi, na maji yenyewe ndiyo haya ya kukatika. Siku nyingine aliingia akaniuliza jambo moja tu: "Zile siku zote za Krismasi, ulikaa na nani?" Nikamwambia sikukaa na mtu. "Ulikula nini?" Sikumbuki, nikasema, na ni kweli sikumbuki. Akaenda zake.

Ijumaa asubuhi nilikuta cheti hakipo mezani nilipokiweka. Sikuuliza. Kama ameituma picha, umekwisha kuiona kabla ya barua hii. Kama ameichana karatasi, huku wanatoa nyingine.

Jana alisimama mlangoni, funguo za gari mkononi. Unajua kwamba kanisani kwetu aliomba Baba yake akumbukwe kila tarehe mbili Januari.

"Nimepita kanisani," akasema. "Nimewaambia waibadilishe tarehe ya Baba. Ni kumi na tisa Desemba."

"Walikuuliza sababu?"

"Waliuliza."

"Ukawaambiaje?"

"Nikawaambia mama alikuwa amechoka."

Akaondoka kwenda kazini.

Jeremy, sijui hilo ni neno gani, la kunisamehe au la kunifungia mlango. Sina tena nguvu ya kulipima. Daktari hasemi lolote kuhusu Desemba na mimi simwulizi. Jaza miaka yote miwili kama ilivyokuwa. Ule wa pili, pale wanapouliza kama ni mke na mume, niandike peke yangu, utume, ukalale.

Shangazi yako,
Kathambi